Mifumo Minne ya Kuainisha Viumbe wa Seli Moja Wenye Mijeledi: Upi Ufuatwe na kwa Kazi Gani

Mwalimu wa biolojia wa sekondari huko Changamwe, Mombasa, mtaalamu wa maabara anayesoma slaidi za damu kisiwani, na mwanafunzi wa sayansi ya bahari anayechota maji kwenye hori ya Tudor wanaweza kumtaja kiumbe yule yule, Euglena, na kila mmoja akamweka mahali tofauti. Kitabu cha kale cha mimea kinamwita mmea mdogo wa faila ya Euglenophyta. Kitabu cha kale cha wanyama kinamweka katika ngeli ya Phytomastigophorea. Kitabu cha shule kinasema ni wa himaya ya Protoctista, hifadhidata za bayoanuwai zinamwandika chini ya Protozoa, na makala mpya za utafiti zinamtaja kuwa wa nasaba ya Discoba, ambayo haina undugu wa karibu na mimea wala na wanyama. Hakuna hata mmoja kati ya waandishi hao aliyemtazama kiumbe huyo vibaya. Kinachotofautiana ni mfumo, na mtu anayeandika lebo, jedwali au tasnifu hana budi kuchagua. Makala haya yanalinganisha mifumo minne ambayo msomaji wa Mombasa ana uwezekano mkubwa wa kukutana nayo, ili achague akijua kila mmoja unampa nini na unamficha nini.

Kabla ya kulinganisha ni lazima tuuelewe mjeledi wenyewe, kwa sababu hukumu yangu yote imesimama juu yake. Mjeledi wa Euglena, wa Trypanosoma (kimelea cha malale) au wa Chlamydomonas (mwani wa kijani wa seli moja) ni sehemu ya seli, uzi mrefu wa kuogelea: umefunikwa na utando wa seli, na ndani yake mna vineli vya protini vilivyopangwa jozi tisa kuzunguka vineli viwili vya katikati, vinavyosukumana kwa kazi ya molekuli za dineini zinazotumia ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, hadi mjeledi mzima ukapinda na kupiga maji. Mjeledi wa bakteria ni kitu kingine kabisa. Huo ni uzi wa protini iitwayo flajelini, wenye unene wa nanomita 20 hivi, unaozungushwa na mota iliyo kwenye shina lake, ilhali ule wa seli zenye kiini una unene wa karibu mikrometa 0.25, yaani zaidi ya mara kumi. Kwa hiyo bakteria wanaoogelea wanatoka nje ya mjadala huu tangu mwanzo.

Lililo kubwa zaidi ni kwamba babu wa pamoja wa viumbe wote wenye kiini cha seli alikuwa tayari na mjeledi. Mimea ya maua iliupoteza, na uyoga vilevile. Binadamu ameubakiza kwenye mbegu za kiume na, kwa umbo fupi, kwenye vinyweleo vya njia ya hewa vyenye muundo ule ule wa jozi tisa. Sifa ambayo kila nasaba iliirithi haiwezi kutuonyesha nani ni ndugu wa karibu wa nani. Anayewaweka viumbe kundi moja kwa sababu wana mijeledi anawaweka pamoja kwa kuwa hawakuipoteza, na kutopoteza si undugu. Mfumo wowote tutakaoupima hapa nitauuliza kwanza jinsi unavyolikabili jambo hili.

Mastigophora: mfumo wa jicho na hadubini

Mfumo wa kwanza ni ule uliojengwa katika karne ya 19 na kuwekwa sawa na Otto Bütschli katika miaka ya 1880. Uliwagawa viumbe wa seli moja kwa namna wanavyojongea: wanaotambaa kwa miguu bandia wakaitwa Sarcodina, wanaoogelea kwa mijeledi wakaitwa Mastigophora, wenye vinyweleo vifupi vingi wakawa kundi la tatu, na wale wa vimelea wasio na njia ya wazi ya kujongea wakaitwa Sporozoa. Mastigophora wenyewe waligawanywa pande mbili: upande wa wenye umbijani, unaofanana na mimea, na upande wa wasio nao, unaofanana na wanyama. Mwaka 1964 kamati ya wanaprotozoa iliyoongozwa na B. M. Honigberg iliwaunganisha Sarcodina na Mastigophora kuwa Sarcomastigophora, na marekebisho ya mwaka 1980 yakauhifadhi muungano huo. Vitabu vingi vya parasitolojia vilivyomo kwenye maktaba zetu bado vimepangwa hivyo.

Uzuri wa mfumo huu ni kwamba hauhitaji zaidi ya hadubini nzuri na subira. Giardia, kimelea cha utumbo, anatambulika kwa viini viwili na mijeledi minane. Trichomonas vaginalis, kimelea cha njia ya uzazi, kwa mijeledi minne ya mbele na wa tano uliorudi nyuma kando ya utando wa mawimbi. Trypanosoma kwa mjeledi mmoja unaopita pembeni mwa mwili wake mwembamba. Dinoflajelati, wengi wao wakielea baharini, kwa mijeledi miwili, mmoja ukizunguka kwenye mfereji wa kiunoni na mwingine ukining'inia nyuma. Mtaalamu wa maabara asiye na mashine ya kusoma jeni anaweza kufanya kazi ya kweli kwa alama hizi, na ni kosa kuzidharau.

Udhaifu wake, hata hivyo, ni wa msingi. Mfumo huu ulimweka Euglena upande wa mimea na Trypanosoma upande wa wanyama, ilhali hao wawili ni ndugu wa karibu: wote wana fimbo ya protini inayoambatana na mhimili wa mjeledi, na mikunjo ya ndani ya mitokondria zao ina umbo la visahani. Isitoshe, mstari uliochorwa kwa rangi ya kijani haushiki hata ndani ya spishi moja. Euglena gracilis akikuzwa kwenye streptomaisini hupoteza kloroplasti zake moja kwa moja na kuendelea kuishi na kuzaana kwa chakula anachofyonza. Kwa mfumo huu, dawa ya kuua bakteria ingekuwa imemhamisha kutoka upande wa mimea hadi upande wa wanyama, na hakuna mwanabiolojia anayeweza kuridhika na jibu hilo. Noctiluca scintillans, yule anayeimulikisha bahari usiku maji yanapotikiswa, alihesabiwa upande wa mimea pamoja na dinoflajelati wengine ingawa hula viumbe wenzake. Naegleria hutambaa kama amiba na, mazingira yakibadilika, huota mijeledi ndani ya saa chache. Hata Plasmodium wa malaria, aliyewekwa kwa Sporozoa wasiojongea, hutoa gameti za kiume zenye mijeledi, na ni hizo alizoziona Alphonse Laveran mwaka 1880 nchini Algeria alipotambua kwamba anatazama kiumbe hai ndani ya damu ya mgonjwa.

Kwa hiyo naona Mastigophora wabaki kama ufunguo wa kutambua tu. Jina hilo lisiandikwe tena kwenye safu ya faila au ngeli.

Himaya tano

Mfumo wa himaya tano hautaki maelezo marefu, kwa kuwa kila aliyepita kidato cha tatu nchini Kenya kwa mtaala wa 8-4-4 ameukariri: Monera, Protoctista, Fungi, Plantae na Animalia. Robert Whittaker aliupendekeza mwaka 1969, na Lynn Margulis akaupanua kwa kuingiza mwani mkubwa wa baharini ndani ya Protoctista, jina ambalo John Hogg alilitumia mara ya kwanza mwaka 1860. Uliumaliza ugomvi wa zamani kati ya mimea na wanyama kuhusu viumbe kama Euglena, na hiyo ni faida ya kweli kwa mwanafunzi anayeanza.

Lakini himaya ya Protoctista haikuundwa kwa sifa ya walio ndani yake. Iliundwa kwa kuwatoa mimea, wanyama na kuvu, kisha waliosalia wakapewa jina, kama mwenye duka la Marikiti anayepanga viungo, nafaka na vyombo, halafu rafu ya mwisho akaiandika "vinginevyo". Trypanosoma na mwani wa miambani ni jirani kwenye rafu hiyo, ingawa Trypanosoma hana undugu wa karibu na mwani huo kuliko alio nao na mwembe. Kwa darasa na kwa mtihani, mfumo huu utumike kama ulivyo, kwa sababu mtahiniwa hupimwa kwa huo. Nje ya hapo haumsaidii mtu kujua lolote jipya kuhusu kiumbe mwenye mjeledi.

Himaya saba za hifadhidata

Mfumo wa tatu unatokana na kazi ya miaka mingi ya Thomas Cavalier-Smith, aliyependekeza himaya ya Chromista mwaka 1981, na umbo lake linalotumika zaidi ni lile lililochapishwa mwaka 2015 na Michael Ruggiero na wenzake. Himaya ni saba: Bacteria, Archaea, Protozoa, Chromista, Plantae, Fungi na Animalia. Rejesta ya Dunia ya Spishi za Baharini, inayojulikana kwa kifupi chake WoRMS, hufuata mpangilio wa namna hii, na GBIF, hifadhidata ya kimataifa ya bayoanuwai, pia kwa sehemu kubwa. Mtu anayetuma takwimu za planktoni, viumbe wadogo wanaoelea majini, za Kilindini au Mtwapa kwenye hifadhidata hizo hukutana nao atake asitake.

Ukifuata mfumo huu, tone moja la maji lenye viumbe watatu wenye mijeledi hutoa himaya tatu: Noctiluca ni Chromista, Euglena ni Protozoa, Chlamydomonas ni Plantae. Hiyo peke yake ni hatua kubwa mbele ya Mastigophora, kwa sababu inakubali waziwazi kwamba mjeledi hauunganishi. Faida ya pili ni ya kiofisi, nayo si ndogo: kila spishi ina anwani kamili yenye himaya, faila, ngeli, oda, familia na jenasi, na kwenye WoRMS ina namba yake ya kudumu iitwayo AphiaID. Jina likibadilika miaka kumi baadaye, namba hiyo bado itamwongoza msomaji kwenye jina linalokubalika.

Tatizo ni kwamba himaya mbili kati ya hizo saba hazistahimili ushahidi wa jeni. Protozoa bado ni kundi la mabaki, na waandishi wa mfumo wenyewe wanakubali kwamba halikusanyi wazao wote wa babu mmoja. Chromista walijengwa juu ya dhana kwamba babu yao mmoja alimmeza mwani mwekundu mara moja tu na kurithisha kloroplasti kwa wote, na miti ya nasaba iliyochorwa kwa mamia ya jeni haiungi mkono umoja huo. Historia ya Cavalier-Smith inatupa onyo jingine. Mwaka 1983 alipendekeza kundi la Archezoa, lenye Giardia na wenzake, akidhani kwamba hawajawahi kuwa na mitokondria. Mwaka 2003 watafiti wakaonyesha kwamba Giardia ana mitosomu, mabaki madogo ya mitokondria, na kundi hilo likaanguka. Naitaja habari hii kwa heshima: dhana ile ilisemwa wazi kiasi kwamba iliweza kupimwa, na kupimwa kwake kulitufundisha mengi.

Makundi makuu ya nasaba

Mfumo wa nne ni ule wa jumuiya ya kimataifa ya wanaprotisti, uliochapishwa na Sina Adl na wenzake mwaka 2005, ukarekebishwa mwaka 2012 na tena mwaka 2019. Hauna himaya, faila wala ngeli. Una nasaba ndani ya nasaba, kila moja ikifafanuliwa kwa wazao wa babu wa pamoja. Humu ndimo viumbe wenye mijeledi wanapotawanyika kikamilifu. Euglena, Trypanosoma, Leishmania na Naegleria wamo katika Discoba. Giardia na Trichomonas wamo katika Metamonada. Dinoflajelati wamo katika Alveolata, pamoja na Plasmodium na siliati (wale wenye vinyweleo vifupi vingi), wote wakiwa na vifuko bapa chini ya utando wa seli. Stramenopila, ambao mmoja wa mijeledi yao miwili kwa kawaida una vinyweleo vya sehemu tatu, wanajumuisha diatomu na mwani wa kahawia. Chlamydomonas yuko Archaeplastida pamoja na mwembe na mnazi. Koanoflajelati, wenye mjeledi mmoja uliozungukwa na kola, wako Opisthokonta na ndio ndugu wa karibu zaidi wa wanyama, sisi tukiwemo. Mwaka 2018 watafiti wa Halifax, Kanada, walionyesha kwa jeni kwamba Hemimastigophora, viumbe wa udongoni wenye safu mbili za mijeledi, hawaingii katika kundi lolote kati ya hayo na wanastahili tawi lao wenyewe.

Mfumo huu ndio ninaoupenda kuliko mingine, na sababu yangu ni kwamba unatabiri. Ukijua nasaba ya kiumbe unajua mambo ambayo hukuyaona kwa jicho. Plasmodium ana apikoplasti, kiungo kidogo cha seli kilichosalia kutoka kwa babu aliyefanya usanisinuru. Doksisaikilini hufanya kazi dhidi ya malaria kwa kuvuruga kiungo hicho, na mwaka 2008 kulielezwa Chromera velia, jamaa wa Plasmodium aliyepatikana kwenye matumbawe ya Australia akiwa bado na kloroplasti inayofanya kazi. Mfumo wa Bütschli usingemfanya mtu yeyote atafute mabaki ya kloroplasti ndani ya kimelea cha damu. Vilevile Phytophthora, anayeozesha viazi na nyanya, alidhaniwa kuwa kuvu, lakini mbegu zake zinazoogelea zina mijeledi miwili ya Stramenopila, ukuta wake ni wa selulosi hasa, na hatengenezi ergosteroli, aina ya mafuta iliyo kwenye utando wa seli za kuvu. Ndiyo maana dawa za kuvu zinazolenga utengenezaji wa ergosteroli hazimdhuru, na mkulima anayezipulizia anapoteza fedha.

Kwa pwani yetu mfano ulio karibu zaidi uko ndani ya matumbawe. Joto la bahari la mwaka 1998 liliyapausha matumbawe ya pwani ya Kenya vibaya, kwa sababu dinoflajelati wadogo wanaoishi ndani yake na kuyalisha waliondoka. Kwa muda mrefu dinoflajelati hao waliandikwa kwa jina moja la Symbiodinium, wakitofautishwa kwa herufi tu. Mwaka 2018 Todd LaJeunesse na wenzake waliwagawa katika jenasi kadhaa, zikiwemo Cladocopium na Durusdinium, na Durusdinium trenchii anajulikana kwa kustahimili joto kuliko wengi wa jamaa zake. Mtafiti wa Hifadhi ya Bahari ya Mombasa anayeandika bado "Symbiodinium" kwa wote anafunika tofauti ile ile ambayo huenda ndiyo inayoamua tumbawe lipi lisalie.

Kasoro za mfumo huu si za kufichwa. Mwaka 2005 makundi makuu yalikuwa sita. Kufikia 2012 moja kati ya hayo, Chromalveolata, lilikuwa limeachwa. Kwa kuwa hauna ngazi, jedwali lenye safu ya "faila" na "ngeli" halijui liweke nini. Anayeufuata analazimika kuandika mwaka wa toleo analolitumia, la sivyo msomaji wa baadaye hataelewa neno "Excavata", jina la moja ya makundi yale sita, lilimaanisha akina nani.

Kuchagua

Kwa maabara ya hospitali swali la himaya halina uzito. Linalohitajika ni spishi, na mara nyingine nususpishi: Trypanosoma brucei rhodesiense wa Afrika Mashariki huleta malale ya kasi, ilhali T. b. gambiense wa magharibi na kati huenda polepole kwa miaka, na hadubini haiwezi kuwatenganisha. Hapo alama za Mastigophora zitumike kumtambua Trypanosoma, kisha jeni au mahali alikotoka mgonjwa paamue lililobaki. Daktari wa mifugo wa Kwale, anayekabili nagana inayoenezwa na mbung'o wa Shimba Hills, yuko katika hali hiyo hiyo anapotafuta T. congolense na T. vivax.

Anayehesabu planktoni kwa hadubini atumie himaya saba kwenye safu za jedwali na aandike AphiaID. Azingatie pia kwamba formalini huharibu umbo la wengi wasio na ganda na kuwafanya wadondoshe mijeledi. Sampuli ya kutambuliwa kwa macho ihifadhiwe kwa myeyusho wa Lugol wenye iodini, na nyingine itazamwe ingali hai, kwa sababu Lugol hufunika rangi asilia.

Anayesoma jeni za maji, hasa jeni ya 18S (jeni ya ribosomu inayotumika kutambulisha viumbe), achague makundi makuu bila kusita. Hifadhidata ya marejeo ya PR2 imepangwa kwa nasaba, na kulazimisha matokeo yake yaingie katika Protozoa na Chromista ni kuyapunguzia maana.

Mwalimu afundishe himaya tano kwa ajili ya mtihani, lakini atenge kipindi kimoja awaonyeshe wanafunzi Euglena na Trypanosoma wakiwa pamoja katika Discoba. Ubongo wa mwanafunzi wa miaka kumi na sita unaweza kubeba mifumo miwili, na anastahili kujua kwamba ule wa kitabuni ni mmoja tu.

Kuhusu majina yenyewe kuna tahadhari moja inayogusa mifumo yote. Viumbe wengi wenye mijeledi wanatawaliwa na kanuni mbili za kimataifa za majina, ya mimea na mwani kwa upande mmoja na ya wanyama kwa upande mwingine. Ndiyo maana Dinophyta na Dinoflagellata ni watu wale wale, na ndiyo maana jina Peranema ni la euglenidi chini ya kanuni ya wanyama lakini ni la jenasi ya kangaga chini ya kanuni ya mimea, ambayo ilimpa kangaga jina hilo kwanza. Jina la mtunzi na mwaka likiandikwa, utata huo unaisha.

Lebo ya sampuli ya Tudor, kwa maoni yangu, inatosha ikisomeka hivi: Noctiluca scintillans (Macartney) Kofoid na Swezy, 1921, Dinoflagellata, Alveolata, kwa mfumo wa Adl na wenzake 2019, himaya Chromista kwa WoRMS, pamoja na AphiaID, ametambuliwa kwa hadubini akiwa hai, tarehe, saa, hali ya maji kujaa au kupwa, na jina la aliyemtambua.